Daftari la Guraya

Walikuja watatu, wachekeshaji wa Korea,
na nyuma yao kamera kumi na moja.
Mamangu akawakodisha hoteli siku sita:
majiko, sufuria, mabenchi ya misumari iliyolegea,
na mimi wa kaunta, nikahesabiwa na vyombo.

Sharti la kipindi: chakula kiwe chakula,
mteja awe mteja, shilingi iwe shilingi.
Mamangu alilirudia mara mbili
jicho likiwa kwenye gunia la unga.

Pil-gu, mrefu wao, kwao akipita njiani
watu hucheka kabla hajafungua mdomo.
Guraya alipita, wakamtazama
kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Siku ya kwanza mahamri yalikataa kufura.
Yalilala karaini kama ndara.
Mi-ran akapiga magoti, akaliomba jiko msamaha,
kamera zikasogea,
lakini Shekuwe, mchonga funguo, alikuwa na mteja saa moja.
"Huyu yuwacheza na njaa ya watu," alisema.
"Mwambieni tumbo halina meno ya kuchekea."

Siku ya pili waliushika mwiko.
Ya tatu wakauvunja.
HAKUNA MKOPO, ukutani, rangi nyekundu,
ila ukuta Pil-gu hakuweza kuusoma.
Mamangu alikuwa amemfunza neno moja tu: andika.
Andika meza. Panga sahani, weka ndimu, weka pilipili.
Basi mtu akishiba, akijifuta mdomo,
akisema, "Niandikie,"
Pil-gu humwandikia meza upya:
sahani ya pili, mbaazi za moto, nazi juu.

Habari ilifika Sparki kabla ya adhuhuri.

Mmoja, mwenye haya kidogo, akachora hewani kwa kidole.
Pil-gu akaelewa. Akachukua daftari,
akaandika kwa herufi za kwao:
viduara, vijiti, vingazi vidogo,
mstari kwa mstari, kila mstari mdaiwa,
na kila mdaiwa akampiga bega: "Ndugu yangu!"

Siku ya nne foleni ilipita duka la kinyozi.
Hata ile kabichi yao iliyochacha kwa pilipili
Bi Rukiya aliionja, akafumba jicho moja:
"Achari hii. Imekosa embe tu."

Usiku wa tano, kamera zimezimwa,
nilimkuta Pil-gu anasugua karai kwa majivu.
Kiganja kimeungua. Nikampaka dawa ya meno.
Hakufanya uso wowote.
Ulikuwa uso wa mamangu, saa nne, mlango ukishafungwa.
Nikampakulia mbaazi zilizobaki, akala amesimama.

Walipoondoka, kopo la pesa lilipungua elfu nane na mia nne.
Mamangu akafungua daftari. "Soma."
Nikasoma viduara.
Mtaani kila mtu alikuwa amelipa,
kila mtu aliapa,
mwingine aliapia hata siku ambayo hakuja.

Miezi mitatu, kipindi kikatoka.
Kijana wa simu akakirusha ukutani, juu ya HAKUNA MKOPO,
Guraya nzima ikaja kujitazama.
Shekuwe huyo, mkubwa kama kabati, analamba vidole,
na chini ya kidevu chake, jina lake kwa herufi za kwao:
kiduara, kijiti, kingazi.

Mamangu akalifungua daftari polepole.
Kidole mstarini. Macho ukutani.
Kidole kikashuka.

Kicheko kilikatika kuanzia benchi la mbele.
Mtu akakumbuka ameacha maji jikoni.
Shekuwe akaanza kupapasa mifuko.

Mpaka usiku kila mstari ulikuwa umepata uso wake
isipokuwa mmoja, wa mwisho kabisa.
Nikaurudisha ukuta nyuma, nikatafuta,
nikaukuta chini ya Pil-gu mwenyewe:
mbaazi, sahani moja.

"Nikate?" nikauliza.
Mamangu alikuwa anahesabu sarafu za Shekuwe,
moja moja, kwa sauti.
"Uwache," alisema. "Hilo ni deni.
Na atakuja kulilipa hapa hapa."